Mtoto wa mbwa kwa mwanao
Dada, umeuliza kama umchukulie mwanao wa miaka 7 mtoto wa mbwa, kwa kuwa ameahidi kumtunza mwenyewe. Mchukulie, ila ujue mwenye mbwa ni wewe. Mtoto ataweza kujaza bakuli la maji na kumchana manyoya. Chanjo, kinyesi na kuugua usiku ni juu yako, na mbwa wengi huishi miaka 10 na zaidi. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiikose kabisa. Chokoleti na vitunguu ni sumu kwake.

Lakini raha yake! Unarudi umechoka, anakukimbilia mkia ukitikisa mwili mzima. Mfundishe mwanao mapema: masikio yakilala nyuma, mbwa ana hofu, amwache.