Stima ya gari la kambi kwenye karakana: maswali yenu

Habari, fundi. Gari langu la kambi lina paneli za sola, betri na inveta ya wati 2,000. Stima ikipotea, naweza kutumia waya wenye plagi pande zote mbili, kutoka garini hadi soketi ya karakana? (Seremala, Nakuru)

Hapana, ndugu yangu, hata kwa dakika moja. Plagi moja ikichomoka, vyuma vyake vinabaki wazi vikiwa na volti 240, na wewe ndiye umevishika. Kuna jambo baya zaidi. Usipozima swichi kuu, umeme wako unapita kwenye mita hadi transfoma ya mtaa, na transfoma ileile inayoshusha volti 11,000 inaweza kuzipandisha tena. Fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa ana watoto nyumbani kama wewe. Na stima ikirudi ghafla, inveta imekwisha.

Chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya inveta kwa ekstensheni ya waya wa milimita 2.5 za mraba, na uikunjue yote, maana ikiachwa imezungushwa hupata joto hadi plastiki iyeyuke. Ukitaka taa na soketi zote za karakana ziwake, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aweke chenjova, swichi isiyoruhusu vyanzo viwili kukutana.

Grainda yangu ni wati 850, lakini inveta ya wati 1,000 huzima nikiiwasha tu. Shida ni nini? (Kibuye, Kisumu)

Mota inapoanza kuzunguka hunyonya umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko, kwa muda mfupi sana. Inveta yako haina nafasi hiyo. Nunua ya wati 2,000, ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi zenye mawimbi ya ngazi hufanya mota ivume na kupata joto.

Kisha angalia nyaya za betri, kwani hapo ndipo moto huanzia. Wati 2,000 kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 160. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Baada ya dakika kumi za kazi, zima kila kitu, kisha gusa ganda la waya pale unapofungwa kwa nati. Ukiona ni moto, nati imelegea au waya ni mwembamba.

Je, kuchomelea? (Bungoma)

Usijaribu. Hata mashine ndogo ya kisasa, kwa fimbo ya milimita 2.5, hutaka kVA 3 hivi (volti-ampea 3,000), kupita uwezo wa inveta ya wati 2,000. Kazi hiyo ni ya jenereta au ya stima yenyewe.

Nikigusa mwili wa randa, umeme unanitekenya. Gari liko juu ya matairi. (Kakamega)

Acha kuitumia leo. Huenda randa yenyewe inavuja, au nyutro (waya wa kurudisha umeme) na athi (waya wa ardhi) hazijaunganishwa popote. Bila muunganiko huo, swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, haiwezi kukulinda. Kuna inveta za magari zinazofanya muunganiko zenyewe, na nyingine ukiziunganisha zinaungua, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza. Muunganiko uwe mmoja tu: ukiwa garini na karakanani pia, umeme wa kazi utapita kwenye athi na vyuma vya mashine. Fimbo ya shaba ardhini, ambayo wengi huitegemea, peke yake haikati umeme.

Betri moja ya volti 12, Ah 200 (ampea-saa), itanifikisha wapi? (Nakuru)

Ikiwa ni ya asidi, tumia nusu tu: wati-saa 1,200. Ukitoa umeme unaopotea kwenye inveta, hiyo ni saa moja na robo hivi ya kukata kwa grainda ya wati 850. Pangia kazi nzito saa nne hadi saa sita, paneli zikiwa zinasaidia, kabla mawingu ya alasiri hayajatanda.