Kayaki mto Hudson: tazama maji kwanza

Ndugu yangu, umeuliza ushushe kayaki saa ngapi hapo Newburgh, jimbo la New York, mwezi Mei ili upate samaki wawili, besi wa mistari na pechi mweupe. Saa iweke kando, tazama maji. Hudson hujaa na kupwa kama bahari hadi bwawa la Troy, juu mtoni, na samaki hawa hula zaidi mkondo unapotembea. Tafuta jedwali la mkondo, si la kimo cha maji peke yake, maana mtoni humo maji huweza kuanza kupungua huku mkondo bado unapanda. Anza safari kwa kupiga kafi dhidi ya mkondo, wewe ukiwa bado na nguvu. Ukichoka, maji yatakurudisha.

Pechi ni rahisi: nyungunyungu, ndoana ndogo, midomo ya vijito. Kwa besi, chambo cha asili kinatakiwa kisheria kiwe kwenye ndoana ya duara, yaani ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Akichukua usikurupuke kuvuta. Zungusha rili, kile kigurudumu cha uzi, taratibu, ndoana itashika pembeni mwa mdomo.

Ninachokuogopea ni nanga. Tafadhali usiifunge ubavuni, mkondo utakupindua. Ifunge omo au tezi, kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe kifuani. New York hulazimisha jaketi la kuokolea kwenye vyombo vidogo kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1, lakini wewe livae siku zote: maji ya Mei bado yana baridi ya kukata pumzi. Matishari yaachie njia yao.

Kabla ya kupika, soma maelekezo ya idara ya afya ya jimbo kuhusu PCB, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya samaki wa mto huu, hasa kama nyumbani kuna watoto.