Kupima sumu ya mafuta ghafi kwenye seli za moyo: anzia kwenye chupa

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia Chongoleani, kwa hiyo Tanga ina sababu ya kuuliza mafuta yanafanya nini kwenye moyo. Kwa jodari jibu lilipatikana 2014: mafuta ya ajali ya Deepwater Horizon (mtambo wa kuchimba mafuta uliolipuka Ghuba ya Meksiko mwaka 2010) yalivuruga potasiamu na kalsiamu ndani ya seli za moyo wake. Baadaye kidole kilielekezwa kwa fenanthrini, mojawapo ya kemikali zilizomo kwenye mafuta ghafi. Kwa binadamu, tumia seli za misuli ya moyo zilizokuzwa kutokana na seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuzwa kuwa aina nyingine. Zinadunda zenyewe kwenye sahani ya maabara yenye visima, yaani vishimo vidogo vya kuwekea seli.

Kosa kubwa hutokea kabla seli hazijaguswa. Kemikali huyeyushwa kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, kwa ukali mara 1,000 ya dozi inayotakiwa, ili DMSO ibaki asilimia 0.1 kisimani. Hapo sawa. Lakini maji hayabebi fenanthrini zaidi ya miligramu 1.1 hivi kwa lita, yaani karibu maikromola 6 kwa lita. Ukiandika maikromola 100 daftarini, daftari ndilo lililoiona hiyo 100, si seli: sehemu imeganda kuwa chembe, sehemu imenata kwenye plastiki. Ukiongeza seramu (majimaji ya damu yenye protini) fenanthrini itabebeka zaidi, ila protini zitaishika na seli zitapata kidogo. Hifadhi mmumunyo kwenye chupa ya kioo, tazama visima kwa hadubini kutafuta chembe, na ukiweza pima kiasi kilichobaki kwenye kimiminika.

Seli zenyewe ziache siku kadhaa mpaka zidunde kwa pamoja. Pima mapigo ya kila kisima kabla ya dozi, kisichodunda kifute. Visima vya pembeni hukauka upesi, vijaze maji tu. Weka visima vya DMSO pekee, na vya dawa mbili za moyo zinazojulikana: isoproterenoli (mapigo yapande) na sotaloli (kila pigo lirefuke). Visima vya dawa hizo mbili visipoitika, usisome kingine chochote.

Soma mapigo dakika 30 na 90 baada ya dozi, kisha saa 24, halafu pima uhai wa seli. Seli inayokufa nayo hupunguza mapigo, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Kumbuka pia seli hizi ni changa, zinafanana zaidi na za kijusi kuliko za mtu mzima, na za mchangiaji mmoja haziwasemei watu wote.

Umeme ukikatika katikati ya usomaji, tupa namba za sahani hiyo. Sahani ikishuka chini ya nyuzi 37 mapigo hupungua, na jedwali litakuonyesha sumu ambayo haikuwepo.