Kuridhika hakukukatazi kutafuta

Dada, umeuliza utaridhikaje na chumba cha kupanga na genge lako la mboga, wakati wenzako wa kwaya wanahamia kwenye nyumba zao wenyewe mmoja mmoja, na umeomba mpaka umechoka lakini roho bado inauma.

Kwanza, usijione mwenye imani haba. Mtume Paulo mwenyewe anasema katika Wafilipi 4:11 kwamba alijifunza kuwa radhi, na barua hiyo aliiandika akiwa kifungoni. Ule mstari wa 13, "Nayaweza mambo yote", tunaoubandika kwenye daladala kana kwamba ni ahadi ya gari la pili, usome pamoja na wa 12: anazungumzia kushiba na kuona njaa. Tena mstari wa 18 anakiri bila aibu kwamba amepokea msaada kupitia Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi. Kwa hiyo kikoba chako cha kuweka na kukopa usikiache, na mtaji ukipata nafasi ya kuuongeza, ongeza.

Ila hizo picha za nyumba za watu kwenye WhatsApp, usizifungue kabla ya kulala. Ukishafunga hesabu jioni, mshukuru Mungu kwa kitu kimoja kimoja: mchicha ulioisha mapema, kodi iliyolipwa, mtoto aliyepona homa. Shukrani ya jumla jumla haitibu wivu. Na yule anayekuuma kuliko wote, mwombee kwa jina lake. Siku za mwanzo maneno yatagoma kutoka. Omba hivyo hivyo. Akiwaita kuombea nyumba yake mpya, nenda mapema ukamsaidie kupika.