Boksi Likishatoka Mkononi

Maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi kuhusu kutuma vitu vya bei vilivyouzwa mtandaoni

Nauza laptopu zilizotumika kupitia Instagram. Nilituma moja ya shilingi 1,400,000 kwenda Mwanza kwa basi, ikiwa ndani ya boksi lake la kiwandani, nikaandika USITUPE pande zote. Imefika kioo kimepasuka kwa ndani, boksi halina hata mkunjo. Ofisi ya basi wanasema risiti yangu imeandikwa "parseli 1" tu, kwa hiyo hawana cha kulipa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Pole sana, dada. Umekosea mahali pawili, na kosa la karatasi limekugharimu kuliko la boksi.

Tuanze na boksi. La kiwandani halikutengenezwa lisafiri peke yake. Hutoka kiwandani likiwa limebanana na wenzake ndani ya katoni kubwa. Likiingia kwenye buti la basi kupita Babati na Singida, gunia lolote litakalolazwa juu yake linausukuma mfuniko wa laptopu moja kwa moja. Kioo kupasuka ndani huku boksi likiwa zima ni dalili ya kubanwa, si ya kuangushwa, na mara nyingi kinachobana ni chaja iliyolazwa juu ya mfuniko. Ile USITUPE haisaidii kitu. Utingo anayepakia alfajiri, abiria wakigombania siti, hana muda wa kusoma.

Safari ijayo, izime mashine kabisa, usiiache imelala, maana ikiamka ndani ya nailoni inapata joto lisilo na pa kutokea. Chomoa flashi na kila kitu kinachochomoza, kwa sababu kikigongwa kinageuka wenzo na kung'oa tundu lake. Kati ya kibodi na kioo weka karatasi laini moja tu, kwani kitambaa kinene ndicho kinachovunja kioo mfuniko ukibanwa. Zungushia nailoni ya vipovu mara mbili au tatu, weka kwenye boksi la ndani, kisha boksi hilo liingie ndani ya jingine kubwa lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande, chini na juu. Kwa mfano, boksi la ndani likiwa 42 × 30 × 8, la nje liwe 52 × 40 × 18. Nafasi hiyo ijaze vipande vya sponji la godoro (mafundi wa masofa huviuza kwa bei ya kutupa) au magazeti yaliyofinyangwa yakakaza. Chaja ikae ubavuni, ndani ya mfuko wake. Tikisa boksi: ukisikia chochote kinacheza, fungua uanze upya.

Boksi la nje liwe gumu na kavu. Lililowahi kulowa, hata likikauka, limeshapoteza nguvu. Lenye mkunjo kwenye kona ni hivyo hivyo. Selotepu iwe pana, ya kama milimita 48, na usipige mstari mmoja wa katikati tu: funga na kingo mbili za pembeni, juu na chini. Na kama boksi lina picha ya laptopu, ligeuze ndani nje au livishe karatasi ya kaki. Hakuna haja ya kumtangazia kila mtu stendi kilichomo.

Sasa karatasi. Kabla ya kufunga, rekodi video moja isiyokatwa: namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, mashine ikiwaka, ikizimwa, ikiingia kwenye boksi, boksi likifungwa. Saini kwa kalamu ya wino mzito juu ya maungio ya selotepu ili saini ikae nusu kwenye tepu, nusu kwenye boksi, kisha piga picha. Pima uzito dukani na uuandike kwenye boksi na kwenye risiti. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayomkamata mwizi upesi: boksi lililoondoka na kilo 3.6 likafika na 2.1 limefunguliwa njiani, hata kama selotepu inaonekana nzima.

Ofisini usikubali "parseli 1". Mwambie karani aandike "laptopu 1, kilo 3.6, thamani 1,400,000", na uulize papo hapo gharama ya kutangaza thamani hiyo ni kiasi gani na kampuni inafidia mpaka wapi. Wakikataa kuandika thamani, wamekujulisha mapema kwamba hatari yote ni yako. Tafuta kampuni nyingine au nenda EMS, huduma ya haraka ya Posta. Mnunuzi naye afungue boksi mbele ya karani huku akirekodi, na akiona kasoro aiandike kwenye daftari kabla ya kusaini. Akishasaini daftari safi, amekiri kwamba amepokea mzigo mzima.

Kwa hiyo laptopu yako: andika barua ya malalamiko kwa kampuni ukiambatisha risiti na picha, na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu, peleka TCRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa wasafirishaji wa vifurushi na ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo hapo Arusha. Ila tusikudanganye: bila thamani kwenye risiti, utapata kidogo.

Mteja wa Dar amenunua tivii yangu ya inchi 55. Je, basi linafaa?
*Msomaji, Soweto, Moshi*

Linafaa kwa shingo upande. Kioo cha tivii hii ni kipana, kama sentimita 122 kwa 69, na ni chembamba mno. Kikisimama wima, uzito unabebwa na fremu. Kikilazwa, katikati kinaning'inia, na kila shimo la barabarani linakipinda kidogo mpaka kipasuke. Kwa hiyo sharti ni moja: isimame wima kutoka Moshi hadi Mbezi. Buti la basi kubwa linatosha kwa urefu. Kinachoharibu ni pale Same au Korogwe, mizigo inapopangwa upya na tivii ikalazwa ili magunia yapate nafasi.

Kama stairofomu zake za kiwandani bado zipo, zitumie. Kama hazipo, mwone fundi seremala akutengenezee kreti ya mbao za inchi 2 kwa 1 na plaiwudi ya milimita 6 mbele na nyuma. Tivii ishikwe na sponji kwenye kingo tu, na kati ya kioo na plaiwudi pabaki sentimita 5 za hewa. Watu hukosea hapa kwa wema: wanajaza sponji usoni kote wakidhani wanakilinda kioo, kumbe wanalipatia kila gunia njia ya kukifikia. Miguu ya tivii ifunguliwe na ifungwe peke yake. Juu ya kreti piga ubao wa mshazari, kreti isilazike vizuri na wala isifae kuwekewa kitu juu. Hila hiyo inafanya kazi kuliko maandishi yoyote.

Mteja aiwashe palepale ofisini kabla hajaondoka. Ulizeni mapema kama wana soketi. Kwa tivii ya inchi 65 na kuendelea, maoni yetu ni kwamba umuuzie mtu wa Moshi au Arusha, hata kwa bei pungufu.

Mnunuzi amenitumia ujumbe wa M-Pesa wa 2,300,000 kwa ajili ya simu, na bodaboda wake yuko nje anapiga honi. Jina kwenye ujumbe ni sahihi. Nimpe?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Kaka, honi isikuharakishe. Haraka hiyo ndiyo mtego wenyewe. Ujumbe si pesa. Piga *150*00#, angalia salio, na hakikisha namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe ipo kwenye akaunti yako. Ujumbe wa kughushi huja kutoka namba ya kawaida badala ya M-PESA, ila usitegemee dalili hiyo peke yake. Salio halidanganyi.

Hata pesa ikiwa imeingia kweli, usimkabidhi simu bodaboda usiyemjua. Mnunuzi atasema hakumtuma mtu, kisha ataomba muamala urudishwe. Andikieni kwanza kwenye WhatsApp jina la mpokeaji, namba ya pikipiki na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu (piga *#06# uione), mnunuzi ajibu kwa maandishi kwamba amekubali, kisha umpige picha bodaboda akiwa na kifurushi. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040.

Nachonga na kuuza vinyago vya mpingo. Nimepata mnunuzi Ujerumani na mwingine Marekani. Kimoja ni cha ujamaa, urefu sentimita 60. Mara ya mwisho kilifika na vidole vimevunjika, na mnunuzi wa Ujerumani aliukataa mzigo kwa sababu ya kodi.
*Msomaji, Usa River*

Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Uzito huo ndio unaovunja vidole: boksi likidondoka, mwili wa kinyago unaendelea kushuka na sehemu nyembamba iliyobanwa na sponji inabeba kila kitu. Kwa hiyo fanya kinyume cha unavyodhani. Banisha kitako na kiwiliwili, sehemu nene kabisa, kwa vipande vya sponji gumu vilivyokatwa kufuata umbo. Mikono na vichwa vidogo viache vielee kwenye nafasi tupu. Kisha boksi la pili kama tulivyoeleza juu, na kwa kinyago cha ukubwa huo, afadhali kreti nyepesi ya plaiwudi.

Kuna na ufa. Mti uliochongwa ukiwa bado mbichi ukiingia nyumba ya Ujerumani yenye joto la hita, unakauka upande mmoja haraka na kupasuka. Tuma vilivyokaa na kukauka, paka nta kwenye kitako ambako nyuzi za mti zimekatwa, na mwandikie mnunuzi asikiweke karibu na hita.

Mpingo uko kwenye Orodha ya II ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017, pamoja na karibu miti yote ya jamii yake ya Dalbergia. Bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa mzigo zimesamehewa kibali cha CITES. Pima kinyago kikiwa kitupu, andika uzito huo kwenye ankara, na kama unatuma viwili au vitatu pamoja hesabu jumla yake. Msamaha huo haugusi taratibu za hapa nyumbani. Pitia ofisi ya TFS, wakala wa misitu, kabla hujafunga boksi. Usibandike simbi, jino wala mfupa wa mnyama yeyote kama pambo. Pambo dogo kama hilo linatosha kuzuia mzigo mzima forodhani.

Kodi sasa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya unatoza VAT kwenye bidhaa zote zinazoingia, hata za bei ndogo, na Ujerumani kiwango cha kawaida ni asilimia 19. Marekani nayo iliondoa msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 kuanzia tarehe 29 Agosti 2025. Mnunuzi asiyejua hayo akipigiwa hodi na kudaiwa, anakataa mzigo, na gharama za kuurudisha zinakuangukia wewe. Mwambie kabla ya kulipa, kwa maandishi, kwamba kodi za kwake ni zake. Ukipitia Posta utajaza fomu ya forodha, CN23 kwa mzigo wa thamani kubwa: andika "kinyago cha mti, kimechongwa kwa mkono", si "zawadi", pamoja na namba ya ushuru 4420.

Jambo moja la bei: kampuni za haraka za ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi pale ambapo ukubwa unazidi uzito. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Lile boksi la laptopu la 52 × 40 × 18 linahesabiwa kilo 7.5 hata kama mizani inasema 3.6. Ingiza hesabu hiyo kwenye bei kabla ya kumtajia mteja.

Mnunuzi wa nje ananiomba niandike thamani ndogo ili akwepe kodi. Nikubali?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Hapana. Ni kosa forodhani, na fidia haizidi thamani uliyoandika. Hata usipotangaza chochote, kwa ndege ya kimataifa Mkataba wa Montreal unahesabu fidia kwa uzito: SDR 26 kwa kilo tangu tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, na moja inazidi dola ya Marekani kidogo. Kamera ya kilo 2 iliyopotea ingekupa SDR 52, fedha isiyofika dola 80. Tangaza thamani kamili na ulipie nyongeza yake.

Pete ya tanzanite naweza kuiweka kwenye bahasha ya Posta?
*Msomaji, Kaloleni, Arusha*

Si kwenye bahasha isiyo na bima. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu vito wala dhahabu ndani yake. Jiwe lolote linalotoka nchini lipitie kwanza Tume ya Madini upate karatasi zake. Na usichanganye mawe mawili kwenye mfuko mmoja: tanzanite si ngumu sana, hukwaruzika, na hupasuka kwa kufuata mpasuo wake wa asili ikigongwa.

Pawabenki ya 20,000 mAh, naweza kuituma kwa ndege kutoka KIA hadi Dar kama mzigo?
*Msomaji, Himo*

Betri za lithiamu-ioni zinazosafiri bila kifaa chake zimepigwa marufuku kama shehena kwenye ndege za abiria tangu tarehe 1 Aprili 2016, na pawabenki inahesabiwa betri. Msafiri anaweza kuibeba kwenye begi la mkononi mradi isizidi Wh (wati-saa) 100: zidisha 20,000 kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata 74, kwa hiyo hii inapita. Kama hakuna msafiri, itume kwa basi ikiwa na chaji ya asilimia 30 hivi, matundu yake yamefunikwa kwa selotepu, na isikae mfuko mmoja na funguo wala sarafu.