Re: "Run" si kukimbia tu?

Jambo ndugu. Umeandika kwamba kikaratasi kwenye jenereta ya kazini kimesema kwa Kiingereza "run out of fuel", nawe ukatafsiri "imekimbia nje ya mafuta", mukubwa akacheka. Pole. Kosa hilo nami nimelifanya hapa Goma: wageni walituma ujumbe "we are running late", nikamwambia sentineli, mlinzi wetu, wanakuja mbio, kumbe walisema wanachelewa. Akafungua lango, tukasimama saa nzima mvuani!

Kwanza angalia neno linalofuata "run", usilisome peke yake. "Run out of" ni kuishiwa: jenereta imeishiwa mafuta. "Run a shop" ni kuendesha duka. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutazamia, lakini gari likifanya hivyo kwa ukuta, limeugonga. "Run" ya maji na kamasi ni kutiririka. Ya mashine ni kufanya kazi tu. Kifaransa chenyewe husema mota inazunguka.

Usijaribu kukariri yote, kamusi kubwa ya Oxford inakipa kitenzi hicho maana zaidi ya 600. Fikiria "piga" yetu: unapiga simu, pasi, picha, magoti. Nani amepigwa hapo?

Ule mstari wa pili wa kikaratasi haukusomeka kwenye picha, uuandike hapa.