Kabla hujaandika mke anayetaka kumuua mumewe, tazama Impact

Skripti nyingi ninazoletewa na waandishi wapya zina mume mwenye hela, mke, mchepuko, na sumu kwenye chai. Hadithi yenyewe haina ubaya, watu hawajawahi kuichoka. Kinachoiua ni mwandishi kung'ang'ania siri mpaka dakika za mwisho, wakati mtazamaji aliing'amua zamani, pale mke alipotoka nje kupokea simu.

Kabla hujaandika nyingine, tafuta Impact, filamu ya Marekani ya mwaka 1949 iliyoongozwa na Arthur Lubin. Watu wakitaja filamu noir, zile za uhalifu na usaliti za miaka ya 1940, hii huwa wanairuka. Kule kwao haina tena hakimiliki, kwa hiyo iko bure mtandaoni. Chagua nakala yenye sauti safi, maana nyingine zimechakaa.

Walter Williams (Brian Donlevy) ni bosi wa kiwanda cha magari San Francisco. Mwanzoni tu yuko kikaoni, anawabana wakurugenzi mpaka wanakubali anachotaka. Akiongea na mkewe Irene, mbabe yule analainika kabisa. Hakuna anayetuambia kwamba Walter anampenda mkewe kupita kiasi. Sentensi hiyo nawe ukiiona kwenye skripti yako, ifute.

Sasa angalia jino. Walter ana safari ya Denver na anataka waende wote. Irene anasingizia kuumwa jino: nenda tu mume wangu, ila mpe lifti binamu yangu, Jim Torrence. Binamu huyo ndiye hawara. Sisi tunajua, Walter hajui, na kuanzia hapo hata maongezi ya kawaida ndani ya gari yanatutia jasho. Simamisha filamu hapo, uandike kwenye karatasi nani anajua nini. Zoezi hilo dogo litakufaa kuliko semina nyingi.

Usiku, njiani, Torrence anampiga Walter kichwani kwa chuma, anamsukuma bondeni na kukimbia na gari lake. Anagongana uso kwa uso na lori la mafuta, anateketea, na maiti inadhaniwa ni ya Walter.

Wengi wenu mngeandika "Mwisho" hapo. Lakini Walter yu hai. Anaishia mji mdogo katika jimbo la Idaho, anajiita jina jingine na kutengeneza magari kwenye kituo cha mafuta cha mjane aitwaye Marsha (Ella Raines). Huko anasoma magazetini kwamba Irene amekamatwa kwa kumuua yeye, na ananyamaza. Ona kazi ya mwandishi: mke ni mwovu kweli, lakini hakuua, mume ndiye aliyedhulumiwa, lakini kimya chake kinanuka. Marsha anapomsukuma arudi kusema kweli, Irene anageuza kibao, na Walter anashtakiwa kwa kumuua Torrence.

Sehemu ya Idaho imetiwa sukari nyingi kwa ladha yangu, na mkiikata kidogo mtakapojaribu kuiandika upya sitagomba. Msiikate yote, kwani bila Marsha Walter hana sababu ya kurudi. Na kwa wenye bajeti finyu: mji huo "wa Idaho" ulipigwa picha Larkspur, California, jirani tu na San Francisco.

Nimemwacha kwa makusudi Su Lin, mtumishi wa nyumba ya Walter. Anamcheza Anna May Wong, aliyekuwa nyota tangu enzi za filamu bubu, akirejea kwenye sinema baada ya kuwa mbali nazo kwa miaka kadhaa. Kupewa nafasi ya mtumishi, mtu wa hadhi yake, kunaniudhi mpaka leo. Hata hivyo kesi nzima inamhitaji yeye, na Luteni Quincy, mpelelezi wa polisi (Charles Coburn), anahangaika kumtafuta. Kwenye skripti zenu dada wa kazi analeta juisi, anasema "karibuni", anatoweka. Yeye ndiye anayefua mashuka na kufungua geti saa nane za usiku. Rasimu ijayo mkiniletea, nitaanza kwa kuuliza yeye ameona nini.